Mtonyaji, Mbashiri na Mtu wa Ndani

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye dawati la michezo la chombo kimoja cha habari, na sehemu ya kazi hiyo ambayo hakuna mwenzangu aliyeitaka ilikuwa kuwasikiliza watu waliotuletea habari za uhakika. Walipiga simu, walituma ujumbe, wengine walifika mpaka mlangoni. Huyu ana jamaa yake ambaye ni daktari wa timu. Yule shemeji yake anaendesha basi la wachezaji. Mwingine hakusema amezipata wapi, alishusha tu sauti. Baadaye nikahamia kitengo cha mawasiliano cha kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, na huko mambo yakageuka. Sasa mimi ndiye niliyekuwa najua, na watu ndio waliokuwa wananizunguka wakitaka kudokezwa. Niliyojifunza huku na kule yanafanana zaidi kuliko nilivyotegemea.

Katika mazungumzo ya kila siku watu hawa wote hupewa jina moja tu: mtoa tipsi. Mhariri wangu hakulipenda. Kila nilipompelekea habari iliyoanza na maneno "mtoa tipsi mmoja amesema", aliyafuta na kuniuliza, "Binti, huyu anatoa nini hasa? Amekisia, amesikia, ameona, au ametumwa?" Hakuniruhusu kuendelea mpaka nijibu, na nisipoweza kujibu habari ilikufa hapo hapo.

Aliyekisia ni mbashiri, hata akijiita mchambuzi au mtaalamu. Hakuna ubaya wowote katika kukisia. Kuna watu wanaokisia kwa bidii, kwa takwimu na kwa kumbukumbu nzuri, na wanastahili heshima. Aliyesikia au kuona ni mtonyaji: anakwambia kipa amechechemea mazoezini wakati klabu haijasema kitu. Aliye pale habari inapozaliwa ni mtu wa ndani, na siku akifungua mdomo anageuka mvujishaji. Aliyetumwa ni mpiga debe. Huyu anaonekana kama anauza ubashiri, lakini bidhaa yake halisi ni wewe, na mnunuzi ni kampuni ya kubeti. Halafu yupo mfichuaji, ambaye hakuwamo kwenye maswali ya mhariri, naye nitamfikia baadaye kwa sababu ndiye anayeumizwa zaidi watu wasipojali majina.

Mhariri alinipa daftari. Kazi ilikuwa kuandika kila ubashiri tuliopokea kabla mchezo haujaanza, pamoja na odi iliyokuwepo saa ile, yaani namba ambayo fedha uliyoweka huzidishwa nayo ukishinda, kisha kuandika matokeo mbele yake. Ubashiri ulioletwa baada ya filimbi ya kwanza haukuingia, hata kama mwenyewe aliapa kwamba aliutoa jana. Sheria hiyo peke yake iliwaondoa wengi sana. Mtu anayejisifu kwamba hajakosea mwezi mzima, ukimwomba akuandikie kesho kabla ya mechi, mara nyingi hupotea. Wengine waliendelea kutuma, lakini kwa lugha ya kuteleza: "wenyeji wana nafasi nzuri ila tusishangae". Maneno hayo yanaweza kudai ushindi wa matokeo yoyote yatakayotokea, kwa hiyo nayo hayakuingia.

Waliobaki ndio walionifundisha hesabu. Chukua watu 1,000 wasiojua lolote kuhusu mpira, mpe kila mmoja sarafu, waambie warushe mara 10 wakitabiri kabla ya kila mrusho. Takriban 172 kati yao watapatia mara 7 au zaidi, na yupo karibu mmoja atakayepatia zote 10. Hakuna hata mmoja mwenye kipaji. Lakini yule mmoja, na hao 172, ndio watakaofungua makundi ya kuuza ubashiri, kwa sababu ndio wenye cha kuonyesha. Wale 828 hutawasikia kamwe. Mimi niliwasikia kwa sababu nilikuwa na daftari, na ndiyo maana sikuweza tena kumtazama mtu aliyepatia mara 7 kati ya 10 kama watu wengine walivyomtazama.

Jambo lililonichukua muda kulikubali ni kwamba mbashiri mzuri kweli hukosea mara nyingi. Kwa odi ya 1.90 anahitaji kupatia zaidi ya asilimia 52.6 ili tu asipoteze. Akipatia asilimia 55 kwa muda mrefu, huyo ni mtu wa kipekee, na bado katika kila ubashiri 100 anakosa 45. Faida yake ni kama asilimia 4.5 ya fedha anazoweka. Haina mbwembwe. Hakuna anayeweza kupiga picha asilimia 4.5 na kuirusha mtandaoni ili watu wamshangilie. Kwa hiyo mtu akija na madai ya asilimia 90 kwa odi zinazokaribia 2.00, mimi huwa sihitaji hata kufungua daftari.

Kuna swali ambalo watu huuliza kwa haki kabisa: kama ubashiri wake ni mzuri, kwa nini anauuza badala ya kubeti mwenyewe? Jibu si jepesi kama linavyodhaniwa. Kampuni nyingi za kubeti huwabana wateja wanaoshinda mfululizo. Humpunguzia kiwango anachoruhusiwa kuweka mpaka kibaki kidogo kisicho na maana. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na sababu ya kweli ya kuuza maoni yake. Nimewahi kuzungumza na watu ninaoamini walikuwa wa aina hiyo, na walikuwa na dalili moja iliyofanana: waliweka rekodi yao yote wazi, pamoja na vipindi virefu vya kupoteza, na walitaja odi waliyoipata pamoja na odi iliyokuwepo mechi ilipoanza. Hata hivyo bado kuna tatizo. Ubashiri mzuri ukishatangazwa kwa watu elfu, odi inashuka ndani ya dakika chache. Mwuzaji anaandika kwenye rekodi yake 2.10, wewe uliyechelewa kufungua simu unapata 1.85. Yeye ana faida na wewe una hasara kwenye ubashiri ule ule, na wote wawili mnasema kweli.

Siku moja alifika mzee mmoja aliyestaafu, ameshika simu yake kwa mikono miwili. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Alikuwa amepokea ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua, unaosema mechi fulani itakuwa na magoli zaidi ya mawili. Ikawa. Ujumbe wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, yote ikawa, na yote ilifika kabla ya mechi. Hakuombwa hata senti. Wa saba ndio uliotaka malipo, na malipo yenyewe yalikuwa makubwa. Hakuja kulalamika, alikuja kutuuliza kama tunamjua huyu mtu, kwa sababu alitaka kuweka pensheni yake.

Nilichukua karatasi tukachora pamoja. Mtu anaanza na namba za simu 6,400. Nusu anawaambia magoli yatakuwa mengi, nusu anawaambia yatakuwa machache. Baada ya mechi anawaacha 3,200 waliopewa jibu baya, hawasikii tena kutoka kwake. Wale wengine anawagawa tena: 1,600, kisha 800, 400, 200, 100. Baada ya mechi sita kuna watu 100 walioona kwa macho yao mtu akipatia mara sita bila kukosea, na wako tayari kumlipa. Mtu huyo hajui chochote kuhusu mpira. Huenda hata hautazami. Mzee aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo mimi nilikuwa kwenye wale mia?" Nikamjibu ndiyo, mzee wangu. Nilimpa heshima yake yote, kwa sababu hakuwa mjinga. Alifanya kile tunachofundishwa kufanya tangu utotoni: aliangalia ushahidi kabla ya kuamini. Ushahidi wenyewe ndio uliotengenezwa kwa ajili yake.

Kuhusu mikeka, yaani mechi nyingi zilizofungwa kwenye dau moja ambalo hulipa zikitimia zote, nitasema kidogo tu, ingawa ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Kila mechi unayoiongeza inaleta makato yake. Kampuni ikikupa odi ya 1.90 kwa jambo ambalo odi yake ya haki ni 2.00, inabaki na asilimia 5. Weka mechi kama hizo 10 kwenye mkeka mmoja na sehemu inayorudi kwa wabashiri, kwa wastani, ni asilimia 60 hivi ya walichoweka. Tena hata ukichagua mechi ambazo kila moja ina uwezekano wa asilimia 80, nafasi ya zote 10 kutimia ni chini kidogo ya asilimia 11. Wapiga debe hupenda mikeka mirefu. Kwa muda mrefu nilidhani ni kwa sababu inavutia macho. Sababu ya pili niliijua nilipoanza kuuliza nani analipa.

Baadhi ya watu wanaogawa ubashiri bure hulipwa na kampuni za kubeti kwa kila mteja wanayemleta. Kuna malipo ya mara moja, na kuna mkataba wa mgawo, ambapo anayekuleta hupata asilimia ya kile kampuni inachobaki nacho kutoka kwako, mwezi hadi mwezi. Kwa maneno mengine, ukishinda yeye hapati kitu, na ukipoteza analipwa. Sisemi kila mwenye mkataba huo anakupoteza kwa makusudi; wengi hawahitaji makusudi, mkeka mrefu unafanya kazi yenyewe. Lakini tangu nijue jambo hilo, nimeacha kumuuliza mtu amepatia mara ngapi. Namuuliza anapata nini mimi nikikosa. Kiungo cha kujisajili kilichoambatana na ubashiri wa bure tayari kimetoa nusu ya jibu.

Kazi hii ina historia ndefu, na kuna mtu mmoja ndani yake ambaye nampenda. Kwenye viwanja vya mbio za farasi vya Uingereza, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alikuwepo mtu aliyejiita Ras Prince Monolulu, aliyevaa manyoya kichwani na joho la rangi, akipaza sauti kwamba ana farasi wa kushinda. Alijitambulisha kama chifu kutoka Uhabeshi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Peter Carl Mackay, na alitoka visiwa vya Karibi. Mwaka 1920 alijipatia umaarufu kwa kumpa nafasi farasi aitwaye Spion Kop, ambaye wengi hawakumtegemea, akashinda Derby, mbio maarufu za huko, na Monolulu akaondoka na fedha nyingi. Aliuza bahasha zenye majina ya farasi mpaka uzeeni. Hadithi yake ya uchifu haikuwa ya kweli, lakini kila aliyenunua bahasha alijua ananunua kutoka kwa nani, alimwona uwanjani, na kesho yake angemkuta pale pale. Hilo la kuonekana na kupatikana ndilo lililotoweka.

Na yupo mwingine ambaye kisa chake kilinifanya niache kuwachukulia watonyaji kama watu wa kupita tu. Daniel Dawson alikuwa mtu wa kupeleleza farasi kwenye mazoezi huko Newmarket, Uingereza, na kuuza alichokiona kwa wacheza kamari. Ikafika mahali kuona hakukutosha. Aliweka sumu ya aseniki kwenye maji ya kunywesha farasi ili wale aliotaka washindwe washindwe kweli, na farasi wakafa. Alinyongwa Cambridge mwaka 1812. Njia ya kutoka kwenye kujua matokeo mpaka kuyatengeneza ni fupi, na anayepita humo ni yule ambaye tayari ana wateja wanaomdai uhakika.

Ndiyo maana wale wauza "mechi zilizopangwa" walinikera kuliko wote. Upangaji wa matokeo upo, kesi zake zipo, watu wamefungwa. Lakini fikiria kwa utulivu jinsi unavyofanya kazi. Kila fedha ya ziada inayoingia upande mmoja inashusha odi na kuwaamsha wanaofuatilia mienendo ya kubeti. Mwenye mechi kama hiyo anahitaji watu wachache na ukimya mkubwa. Hana sababu hata moja ya kukutumia wewe, mtu asiyekujua, siri inayoweza kumpeleka jela. Na ukiilipia, ama umetapeliwa, ama umeingia kwenye jinai. Hakuna mlango wa tatu.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilielewa methali hiyo vizuri zaidi nilipohamia kampuni. Huko nilikuta karatasi yenye orodha ya majina, na mbele ya kila jina tarehe na saa ambayo mtu huyo aliambiwa jambo fulani. Umoja wa Ulaya una kanuni inayozitaka kampuni kuweka orodha kama hiyo, iliyoanza kutumika Julai 2016, na wakubwa wa kampuni hawaruhusiwi kununua wala kuuza hisa zake katika siku 30 kabla ya matokeo ya fedha kutangazwa. Jina langu liliingia kwenye orodha siku nilipokabidhiwa rasimu ya taarifa ya faida. Nilisaini, na tangu saa hiyo nikawa mtu wa ndani, yule yule niliyekuwa nikisikia akitajwa na kila mtu aliyepiga simu dawatini.

Nilichokiona humo hakikufanana na walichokuwa wakikiuza. Habari ya kweli ya ndani ni kavu. Ni namba moja kwenye safu ya namba, ni mkutano ulioahirishwa, ni mwanasheria anayeingia ofisini siku asiyotarajiwa. Na mara nyingi mwenyewe hujui itafanya nini kwenye bei. Nimeshuhudia faida nzuri ikitangazwa na hisa zikashuka, kwa sababu soko lilitarajia nzuri zaidi. Watu waliokuwa na habari hiyo kabla ya wote wangeweza kupoteza fedha kwa kuitumia.

Mtihani mkubwa haukutoka kwa matapeli. Ulitoka nyumbani. Mjomba wangu alikuwa na hisa kidogo za kampuni ile, alizozinunua kwa jasho lake. Jioni moja alinipigia. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana hali, kisha akasema, "Mwanangu, wewe uko humo ndani. Sitaki uniambie siri za watu. Niambie tu: niuze au nisubiri?" Aliuliza kwa upendo na kwa haki anayoiona mjomba kwa mtoto wa dada yake, na hakuona tofauti kati ya hilo na kuniomba nimsomee barua. Nilimjibu, "Mjomba, hata nikikwambia subiri, nitakuwa nimekwambia." Alinyamaza. Niliogopa nimemvunjia heshima. Ilibidi nimweleze polepole, siku nyingine, ana kwa ana, kwamba sheria haijali kama alilipa au hakulipa; zawadi kwa ndugu inatosha kuwa kosa, na uchunguzi ungemkuta yeye kwanza, kwa sababu jina lake ndilo lingekuwa kwenye hati ya mauzo.

Kutokana na hilo nilijizoeza kitu ambacho nimewafundisha wengi waliokuja nyuma yangu. Kukataa kujibu pale tu unapokuwa na siri ni kujibu. Mtu anayekufahamu atasoma ukimya wako. Kwa hiyo jibu liwe lile lile mwaka mzima, ukiwa na habari na usipokuwa nayo: "Kuhusu hisa za kampuni yangu huwa sizungumzi kabisa." Baada ya miezi michache watu walizoea, na ukimya wangu ukaacha kuwa na maana yoyote kwao.

Wachezaji wanaolipwa vizuri nao hunaswa hapo hapo, kwenye mapenzi ya watu wao. Tangu Agosti 2014 chama cha soka cha Uingereza, FA, kinawakataza wachezaji kubeti mpira popote duniani, na pia kupitisha habari za ndani ambazo mtu mwingine atazitumia kubeti. Julai 2019 beki Kieran Trippier alihama Tottenham kwenda Atletico Madrid. Marafiki waliopata habari hiyo kutoka kwake walibeti juu ya uhamisho huo kabla haujatangazwa. Desemba 2020 alifungiwa wiki 10 na kutozwa faini ya pauni 70,000. Mapema mwaka huo huo mshambuliaji Daniel Sturridge alifungiwa miezi 4 na kutozwa pauni 150,000, kwa kosa la aina hiyo lililomhusisha ndugu yake. Ninapowasomea vijana visa hivi, huwa wanauliza wachezaji hao walipata nini. Kupitisha habari peke yake ni kosa, mdomo unatosha.

Kwa upande wa hisa, kisa ninachokitumia zaidi ni cha Rajat Gupta, aliyekuwa kwenye bodi ya benki ya Goldman Sachs. Tarehe 23 Septemba 2008 bodi ilikutana kwa simu na kuidhinisha uwekezaji wa dola bilioni 5 kutoka kampuni ya Berkshire Hathaway. Sekunde chache baada ya simu hiyo kwisha, Gupta alimpigia Raj Rajaratnam wa mfuko wa uwekezaji wa Galleon, na dakika chache kabla soko halijafungwa Galleon ilinunua hisa za benki hiyo. Rajaratnam alihukumiwa miaka 11 jela mwaka 2011, na Gupta miaka 2 mwaka uliofuata. Ushahidi wa mahakamani haukuhitaji mtu aliyesikia Gupta alisema nini kwenye simu ile. Mpangilio wa saa ulitosha kwa sehemu kubwa: mkutano, simu, ununuzi. Ndiyo sababu ya ile safu ya saa kwenye orodha yetu.

Sasa mfichuaji. Mwaka 1973 mchambuzi wa hisa wa Marekani, Raymond Dirks, aliambiwa na mtu aliyewahi kuwa ofisa wa Equity Funding kwamba kampuni hiyo ya bima ilikuwa imejaa udanganyifu. Dirks alichunguza, akawahoji wafanyakazi, na wakati akiendelea kuchunguza aliwaeleza wateja wake, ambao waliuza hisa zao. Udanganyifu ulikuwa wa kweli na kampuni ikaanguka. SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa nchini humo, ilimkemea Dirks kwa kupitisha habari za ndani. Alipinga mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1983 ilimpa haki: aliyemwambia hakutafuta manufaa yake binafsi, alitaka uovu ujulikane, na kwa hiyo Dirks naye hakurithi kosa.

Nimeona jinsi watu wanavyomwita mtu kama huyo msaliti, mbeya, mnoko, na hata kumchanganya na wavujishaji wanaouza siri kwa tajiri mmoja. Inaniuma. Kwa nje tendo linafanana, maana kila mmoja ametoa habari iliyokuwa imefungwa. Lakini mmoja amempa mtu mmoja ili apate kitu, mwingine ametaka wote wajue na mara nyingi amepoteza kazi. Nilipokuwa dawatini tulipokea ujumbe wa aina zote mbili kwenye anwani ile ile, na kwa yule wa pili mhariri wangu alifunga mlango, akazima simu yake na kumsikiliza mpaka mwisho.

Vijana wanaoanza kazi hizi huniuliza wafanye nini siri ya kweli ikiwafikia bila wao kuitafuta: wamesikia kwenye lifti, wametumiwa barua pepe kimakosa, binamu amelewa na kuropoka. Huwa nawaambia waache kila kitu waandike. Tarehe na saa, nani alisema, kwa maneno gani, na nani mwingine alikuwepo. Wasinunue, wasiuze, wasibeti, na wasimwambie hata mwenza wao kwa mafumbo. Kisha karatasi hiyo waipeleke siku ile ile kwa ofisa anayesimamia utii wa sheria kazini kwao, na wabaki na nakala.